Mzunguko wa idara, togwa au maji yenye floridi: uchague kipi kwa maabara ya sayansi mseto?

Kila unapokaribia mwezi wa kumi, simu huanza. Mwenzangu wa chuo kingine anasema wamepewa kozi mpya ya vitendo kwa mwaka wa kwanza, kozi moja ya kuunganisha biolojia, kemia na fizikia, wiki 15, saa tatu kwa wiki, na mtaala wenyewe una mistari minne tu. Anauliza waanzie wapi. Nimejibu swali hilo mara nyingi kwa mdomo, na kila mara nikikata simu nakumbuka jambo la maana nililosahau. Sasa naliandika.

Njia nilizozipitia mwenyewe ni tatu. Ya kwanza ni mzunguko: wiki tano biolojia, tano kemia, tano fizikia. Ya pili ni kushika chakula kimoja, togwa, na kukaa nacho muhula mzima. Ya tatu ni kushika maji ya visima na mito yenye floridi, kama yale ya kuuzunguka Mlima Meru, nayo muhula mzima. Ziko nyingine duniani. Harvey Mudd College, kule California, wahadhiri wa idara tatu wamefundisha pamoja maabara ya mwaka wa kwanza. Mpango wa SEA-PHAGES, ulioanza Marekani mwaka 2008, unawapa wanafunzi wapya kazi ya kutafuta kwenye udongo virusi wanaoshambulia bakteria, kisha kusoma vinasaba vyao. Ninaipenda sana kazi hiyo, lakini hapa nazungumza na mtu mwenye meza nane, mita mbili za pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka chini ya 7 uchachu unazidi), na fundi sanifu mmoja anayehudumia kozi nyingine tatu.

Mzunguko

Mzunguko ndio njia ya wengi, na wanaoudharau mara nyingi hawajawahi kupanga ratiba ya wanafunzi 300. Kila idara inabaki na maabara yake, fundi wake na mwongozo wake uliokwisha kujaribiwa miaka na miaka. Kifaa kikiharibika, mwenye nacho yupo. Mwanafunzi anafundishwa kwa makini vitu ambavyo bila hivyo hakuna sayansi yoyote: kusoma bureti jicho likiwa sawa na kimiminika, kuvaa miwani kabla ya kugusa asidi, kuandika kizio mbele ya namba.

Tatizo ni kwamba kuunganisha kunaachiwa mwanafunzi peke yake. Wiki ya 14 ya muhula mmoja niliwauliza wanafunzi wangu: grafu ya logi mliyochora kwa kemia ina uhusiano gani na ile ya kupoa kwa maji mliyochora kwa fizikia? Darasa lilinyamaza. Kijana mmoja wa mbele akaniambia kwa upole, "Mwalimu, ile ilikuwa ya daftari lingine."

Hakukosea. Sisi ndio tuliompa madaftari matatu.

Kama mazingira yanakulazimisha kubaki na mzunguko, basi fanya angalau hilo: daftari moja la maabara kwa kozi nzima, lenye kurasa zenye namba, linalohama na mwanafunzi kutoka idara hadi idara. Mhadhiri wa fizikia afungue na kuona mwenzake wa kemia aliandika nini kwa kalamu nyekundu. Kwa kubadilisha jambo hilo moja tu, maswali wanayouliza wanafunzi yalibadilika.

Togwa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko nilikojifunza zaidi.

Wanafunzi karibu wote wanaijua togwa kabla hawajaingia mlangoni. Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe hadi uwe vuguvugu, unatia kimea cha ulezi na togwa kidogo ya jana, unafunika. Kesho asubuhi ni chachu kiasi, nyepesi, inanyweka. Ndani ya sufuria hiyo mna mambo mawili tofauti, na wanafunzi wengi huyadhania kuwa ni moja. La kwanza linatokea ndani ya dakika: vimeng'enya vya kimea vinakata wanga na uji mzito unalainika. La pili linachukua saa nyingi: bakteria wanageuza sukari kuwa asidi ya laktiki, na pH inashuka kutoka karibu 6 hadi chini ya 4.

Hilo la kwanza ni zawadi kwa mwalimu, kwa sababu linaanza na kuisha ndani ya kipindi cha saa tatu. Mwenzangu wa fizikia alitaka kupima mnato, yaani ugumu wa kimiminika kutiririka, kwa gololi za beringi ya baiskeli: unaiachia gololi kwenye silinda, unahesabu sekunde. Ni njia nzuri kwa asali au mafuta ya kupikia. Kwenye uji gololi ilizama na haikuonekana tena. Tulisimama pale tukitazama silinda nyeupe. Binti mmoja akasema nyumbani kwao mama yake hupima uji kwa kuuinua na upawa na kuangalia unavyodondoka. Tukachukua bomba la sindano la mililita 60, tukalikata ncha ili tundu liwe pana, tukaanza kupima muda wa mililita 50 kutoka. Kabla ya kimea uji haukutoka kabisa. Dakika 10 baada ya kimea ulianza kudondoka, na baada ya nusu saa ulitiririka.

Kisha maswali yakafuata yenyewe. Kwa nini uji ule ule, bomba likiwa limejaa, hutoka kwa kasi inayozidi mara mbili ile ya unapokuwa nusu? Hapo mhadhiri wa fizikia akapata nafasi yake ya kueleza kwamba uji hauna tabia ya maji, mnato wake unabadilika kadiri unavyosukumwa. Kwa nini kimea kilichotiwa uji ukiwa bado unachemka hakikufanya kitu? Hapo mwenye biolojia akasimama. Na kuna sababu ya watu wa lishe nchini kuhimiza kimea kwenye uji wa watoto: uji uliolainishwa unaweza kubeba unga mwingi zaidi na mtoto bado akaumeza. Mwanafunzi anayefahamu hilo hapimi mnato kwa ajili ya alama peke yake.

Upande wa asidi ndiko kwenye ubishi mzuri. Tunapima pH kwa mita, kisha tunapima kiasi cha asidi kwa titresheni, yaani kuongeza besi kidogo kidogo hadi asidi iishe. Mililita 10 za togwa zikila mililita 6 za hidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M, hiyo ni gramu 0.054 za asidi ya laktiki, yaani karibu gramu nusu katika kila mililita 100. Muhula mmoja makundi mawili yalipata pH moja, 3.9, lakini la kwanza lilitumia mililita 4 na la pili mililita 7. Kila kundi lilikuwa na hakika jirani amekosea. Hakuna aliyekosea. Kundi la pili lilipika uji mzito zaidi, na vitu vilivyomo kwenye unga vilikuwa vinaizuia pH isishuke ingawa asidi iliongezeka. Somo la bafa, yaani mchanganyiko unaozuia pH isibadilike upesi, ambalo kwenye ubao huwa ni fomula ya kukariri, lilikuwa pale mezani kwenye vikombe viwili.

Jihadhari na jambo moja ambalo mwongozo wowote wa kemia hautakwambia: togwa ya ulezi au mtama ina rangi, na ile waridi hafifu ya fenofthalini, kiashiria cha kuonyesha asidi imekwisha, haionekani ndani yake. Wanafunzi wataongeza na kuongeza hadi kikombe kizima kiwe kama udongo. Achana na kiashiria. Tumbukiza elektrodi ya pH (kile kijiti cha kioo cha mita) na usimame kwenye 8.2 au karibu na hapo.

Elektrodi hiyo hiyo ilitupatia kipindi bora cha fizikia katika kozi yote. Tuliichomoa kwenye mita yake na kuiunga kwenye multimita ya kawaida ya fundi umeme. Kwenye pH 4 tulitarajia takriban milivolti 177, kwa kuwa kila hatua moja ya pH kutoka 7 ni kama milivolti 59 kwenye nyuzi 25. Multimita ikaonyesha 16. Wanafunzi wakabadilisha waya, wakabadilisha betri, wakabadilisha bafa. Bado 16. Kumbe kioo cha elektrodi yetu kilikuwa na ukinzani wa karibu megaomu 100, na multimita yenyewe ina megaomu 10 tu. Volti zikagawanyika, multimita ikapata fungu moja tu kati ya kumi na moja, na sehemu kubwa ikabaki kwenye kioo. Chora sakiti ile ya vikinzani viwili ya kidato cha pili, na jibu unalo. Walipoiona, kelele iliyotoka chumba kile ilimfanya jirani yetu aje kuchungulia.

Ubaya wa togwa upo. Harufu ya maabara wiki ya tano si ya kupendeza. Panya nao wanajua iliko. Wanafunzi watataka kuonja, na jibu ni hapana bila mjadala, kwa sababu vyombo vile jana vilikuwa na kemikali. Sisi hupika sufuria nyingine jikoni kwa ajili ya kunywa siku ya mwisho. Kuhesabu bakteria kwa koloni kunahitaji sahani za agari na kifaa cha kuua vijidudu kwa mvuke, na kama huna, darubini na rangi ya Gram zinatosha kuwaonyesha vijiti na vinukta vya zambarau.

Maji yenye floridi

Mada hii ina uzito ambao togwa haina. Watu wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, na upande wa Kenya wa Bonde la Ufa, wanayajua meno ya kahawia tangu utotoni. Floridi inatoka kwenye miamba ya volkano, na inaingia mwilini kwa maji, hata kwa magadi yanayotiwa kwenye maharage ili yaive upesi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania mwaka 1974 iliweka kikomo cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu kikomo cha chini zaidi kingefunga vyanzo vingi mno bila kuwapa watu mbadala. Baadaye kikashushwa hadi 4, kisha 1.5. Historia hiyo peke yake ni kipindi kizima: namba ya kisayansi inawekwaje, na nani analipa gharama yake?

Kipimo chenyewe ni kizuri. Elektrodi ya floridi, iliyotolewa na Martin Frant na James Ross mwaka 1966, ina kipande cha fuwele ya floridi ya lanthanamu, na inafuata mteremko ule ule wa milivolti 59 kila floridi inapoongezeka mara kumi. Mwanafunzi anaona upesi kwamba logi haisamehe: ukikosea milivolti 6, umekosea jibu kwa robo nzima. Kila sampuli lazima ichanganywe na mmumunyo wa TISAB, unaosawazisha pH na chumvi na kuiachilia floridi iliyoshikwa na aluminiamu au chuma. Hapo ndipo penye mtego. Chupa moja ya maji, makundi mawili: moja likaandika miligramu 5.6 kwa lita, jingine 2.8. Walibishana saa nzima. Mmoja akasema mto wenyewe haulingani, mwingine akalaumu elektrodi, wa tatu akasema chupa haikutikiswa. Mwishowe mmoja akaona kwamba namba moja ni nusu kamili ya nyingine. Kundi la pili lilichanganya sampuli na TISAB nusu kwa nusu, lakini mimumunyo yake ya kulinganishia haikuchanganywa. Walikuwa wamepima maji waliyoyazimua wenyewe.

Biolojia inaingia kwa mfupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa hewa kidogo. Madini ya mfupa yanaipenda floridi, na hilo ndilo linaloharibu jino la mtoto na ndilo hilo hilo linalosafisha maji. Wanafunzi wanapolielewa hilo hukaa kimya kidogo. Unaweza kutengeneza chujio dogo ndani ya chupa ya plastiki na kupima lita ya kwanza, ya tano, ya kumi, mpaka mkaa uchoke.

Sasa jambo ambalo ningependa mtu angeniambia kabla. Mwaka wa kwanza niliwaambia wanafunzi walete maji ya nyumbani. Kijana mmoja, ambaye alikuwa akiongea mkono umefunika mdomo, alileta chupa ya kisima cha kwao. Ikasoma zaidi ya 6. Aliniuliza, "Mwalimu, niwaambie nini wazazi?" Wadogo zake wawili wananyonya na kunywa maji yale yale. Sikuwa na jibu lililo tayari, na ni kosa langu kwamba sikuwa nalo. Ukichagua floridi, kabla ya chupa ya kwanza kufika uwe umeshaongea na watu wa maji wa wilaya, ujue chanzo salama kilicho karibu ni kipi, na uwe na karatasi ya lugha nyepesi ya kumpa mwanafunzi apeleke nyumbani. Majina ya vijiji yasiandikwe ubaoni. Meno ya mtu yasiwe mfano wa darasa, hata akijitolea.

Vilevile elektrodi inaagizwa nje na haikai milele. Tuliwahi kusubiri moja muhula mzima kwa mzabuni aliyeahidi wiki sita. Sampuli ziwekwe kwenye chupa za plastiki, si kioo.

Zikiwekwa pamoja

| | Mzunguko | Togwa | Floridi |
|---|---|---|---|
| Pesa zinaenda wapi | Vifaa vya idara, tayari vipo | Mita ya pH, bafa, unga | Elektrodi na TISAB |
| Sayansi zinakutana wapi | Kwenye daftari, ukilazimisha | Mnato, bafa, volti | Logi, mfupa, miamba |
| Inavumilia umeme kukatika? | Kiasi | Vizuri | Vizuri, kama mita ina betri |
| Idadi ya wanafunzi | Hata mamia | Hadi 60 kwa kipindi, vikundi vya wanne | 30, zaidi ya hapo wanapanga foleni |
| Mzigo wa nje ya maabara | Mdogo | Mdogo | Mkubwa, na ni wa kibinadamu |

Jedwali halisemi ninachokiona kuwa kikubwa. Kinachounganisha sayansi kwenye kozi hizi ni namba inayogombaniwa. Ile 16 iliyotakiwa kuwa 177, ile 2.8 na 5.6, zile mililita 4 na 7. Wanafunzi walivuka mipaka ya idara kwa sababu jibu halikuwa upande wao wa mpaka. Kwa hiyo unapochagua mada, jiulize kwanza: kipimo kikitoka vibaya, je, sababu inaweza kuwa kwenye sayansi zaidi ya moja? Kama kila kosa litaelezwa na mhadhiri mmoja, una mzunguko uliovaa nguo mpya.

Ushauri wangu basi. Kama una wanafunzi zaidi ya 150 na wenzako hawajawahi kufundisha chumba kimoja, baki na mzunguko mwaka huu, weka daftari moja, na tumia wiki tatu za mwisho kwa togwa. Kama una darasa la kati na bajeti ya kawaida, chukua togwa moja kwa moja. Ndiyo ningemchagulia mtu anayeanza, kwa sababu kosa la togwa linagharimu kikombe cha unga. Floridi ichague ukiwa tayari umeendesha kozi ya namna hii angalau mara moja, uko kwenye eneo ambalo maji hayo ni maji ya watu wako, na una mtu wa kushughulikia majibu yakitoka mabaya. Kwa aliyeko Mtwara au Zanzibar sioni sababu ya kuagiza tatizo la Meru.

Suala la wahadhiri kukaa chumba kimoja lisipuuzwe. Ratiba huandika majina matatu, kisha kila mmoja anakuja wiki yake. Sisi tulikubaliana wote watatu tuwepo wiki nne tu kati ya 15, zile ambazo tunajua namba zitagombana, na wiki zilizobaki mmoja anaongoza. Mbele ya wanafunzi mwenzangu wa kemia alisema "sijui, hebu muulizeni mwalimu wa fizikia," na sikumbuki kipindi ambacho wanafunzi walikuwa huru zaidi kuuliza baada ya hapo. Fundi sanifu naye awepo kwenye kikao cha kupanga, tangu cha kwanza. Ni yeye aliyetuambia kuwa vimeng'enya vya kimea kilichohifadhiwa karibu na dirisha vinachoka, jambo ambalo sisi tulikuwa tunalitafutia sababu za kina.

Kusahihisha: ripoti nne kwa muhula zinatosha, si 15. Mpe alama nyingi yule aliyeeleza kwa nini namba yake haikubaliani na ya jirani, hata kama haikuwa sahihi. Wanafunzi wakijua kuwa namba nzuri ndiyo yenye alama, watanakiliana namba nzuri.

Kwa atakayeanza na togwa, kazi ya kwanza ni ya sokoni. Nunua mahindi ya muhula mzima kwa siku moja, kutoka gunia moja, na yasagwe mara moja kwenye mashine moja. Ulezi wa kimea uloweke usiku mmoja, uache uote siku mbili hadi tatu kwenye kitambaa chenye unyevu, uanike hadi ukauke kabisa, usage, kisha ugawe kwenye mifuko midogo yenye tarehe na uifungie kwenye friji. Mfuko mmoja kwa wiki. Muhula tulionunua unga dukani kila wiki, hatukuweza kulinganisha wiki ya tatu na ya tisa, na wanafunzi ndio waliotuambia.